Alama ya + kwenye +255 na kamusi ya Python

Shangazi yangu ana duka la pembejeo Morogoro. Kila Ijumaa skripti yangu ya Python huwatumia meseji wakulima waliochukua mbolea kwa mkopo. Skripti huita URL yenye namba ya simu na maneno ya meseji.

Mwanzoni niliunga URL kipande kwa kipande, na hakuna meseji iliyofika. Baada ya alama ya kuuliza, seva nyingi husoma + kama nafasi tupu, kwa hiyo +255 ilikuwa imepoteza alama yake njiani. Nilipoiondoa +, meseji zikafika zimekatika: "Mbolea & mbegu" iliishia kwenye "Mbolea", maana & ndiyo inayotenganisha parameta, yaani jozi za jina na thamani zilizo kwenye URL. Mkulima anayedaiwa anastahili kusoma deni lake lote.

Sasa parameta zote naziweka kwenye kamusi, yaani dict, ambayo ndiyo jedwali la hashi la Python: kila ufunguo (jina) una thamani yake.

```
from urllib.parse import urlencode

p = {"simu": "+255700000000",
     "meseji": "Mbolea & mbegu: 45,000"}
url = "https://example.com/tuma?" + urlencode(p)
```

urlencode husimba alama zenye maana maalumu, yaani huziandika kwa % na tarakimu au herufi, + ikawa %2B na & ikawa %26. Inatoka hivi:

```
simu=%2B255700000000&meseji=Mbolea+%26+mbegu%3A+45%2C000
```

Kila ufunguo hukaa mara moja tu. Ndani ya kitanzi nabadilisha `p["simu"]` na `p["meseji"]`, yaliyobaki siyagusi. Tangu Python 3.7 mpangilio wa funguo nao hubaki kama ulivyouandika.

Angalia sana None, thamani ya Python inayomaanisha "hakuna kitu". urlencode huigeuza kuwa neno "None", na mteja asiye na tarehe ya kulipa akatumiwa tarehe=None. Zichuje kwanza:

```
p = {k: v for k, v in p.items() if v is not None}
```

Thamani ikiwa orodha, ongeza `doseq=True`, upate zao=mahindi&zao=mpunga.

Kusoma URL iliyokwisha kuandikwa, tumia `parse_qs(urlsplit(url).query)`, zote mbili zimo kwenye urllib.parse. Kila thamani hurudi ndani ya orodha, hata ikiwa moja. Zilizo tupu hutupwa, isipokuwa uandike `keep_blank_values=True`.

Kabla ya kutuma, chapisha URL uisome kwa macho. Ukiona %252B, namba imesimbwa mara mbili: tafuta ulipoipitisha kwenye `quote`, ambayo nayo husimba, kabla ya kuiweka kwenye kamusi, uifute hapo.