Kuhifadhi vipepeo na nondo, kuanzia wavuni mpaka kwenye boksi

Wanaoanza kukusanya vipepeo wengi wanadhani ugumu uko kwenye kukamata. Wapi, kukamata ni mbio tu. Kazi yenyewe inaanza mdudu akishakufa, na karibu yote ni kazi ya kucheza na unyevu: akiwa laini unamtandaza mabawa, akikauka humgusi, na akishakauka halafu unyevu ukamrudia bila we kutaka, anaota ukungu na mabawa yanaanza kushuka. Ukilishika hilo, mengine yote ni mikono na subira.

Kabla hujashika wavu

Uliza sheria za mahali ulipo kwanza. Sehemu nyingi ndani ya hifadhi huruhusiwi kuchukua hata mdudu mmoja bila kibali, na wapo vipepeo ambao biashara yao imebanwa dunia nzima na mkataba wa CITES. Ornithoptera alexandrae wa Papua Guinea Mpya, ambaye ndo kipepeo mkubwa kuliko wote, jike lake linaweza kufika sentimita 25 na ushee toka ncha ya bawa mpaka ncha, yuko kwenye Kiambatisho cha I cha mkataba huo, yaani biashara yake kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku. Kwa hiyo mtu akikuuzia akakuapia kwamba alimwokota ameshakufa, we mwache na kipepeo wake.

Na kama roho haikutumi kuua, sio lazima. Asubuhi chini ya taa za nje unaokota nondo waliokufa wenyewe, wengine wazima kabisa. Au fuga viwavi mpaka bundo litoe kipepeo, hao ndo wanakuwa wasafi kuliko wote kwa sababu hawajaparuzwa na mwiba wala kunyofolewa na ndege, ila akitoka mpe muda mabawa yanyooke na kukomaa vizuri, walau mpaka kesho yake.

Hatua ya 1: kukamata

Wavu uwe wa kitambaa laini na mfuko wake uwe mrefu, walau mara mbili ya upana wa duara. Sababu ni kwamba ukishapiga unageuza mpini, mfuko unajikunja juu ya ukingo wa duara na kipepeo anakosa pa kutokea, sasa mfuko ukiwa mfupi haukunjiki, anakutoka hivi hivi unamwangalia. Akitua, msogelee polepole na hakikisha kivuli chako hakimpiti.

Wale wa Charaxes wanaokaa juu juu kwenye matawi usiwafukuzie, wanaruka kwa kasi ambayo utaishia kuchoka tu. Waletee matunda yaliyooza yakachacha, ndizi ni nzuri sana kwa hili, na hata kwenye kinyesi wanatua. Madume ya aina nyingi pia yanajazana kwenye matope wanafyonza chumvichumvi, hapo unachagua unayemtaka kwa utulivu.

Nondo ni shuka jeupe na taa, hasa taa yenye mwanga wa urujuanimno. Chagua usiku wa joto wenye mawingu, usio na upepo wala mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu watu hukesha mbele ya shuka tupu.

Hatua ya 2: kuua bila kuharibu

Kipepeo mwembamba: akiwa bado ndani ya wavu na mabawa ameyafumba juu ya mgongo, mbane kidari kwa kidole gumba na cha shahada kwa sekunde chache. Kidari ni pale panapootea mabawa na miguu. Sio tumbo, tumbo linapasuka na mafuta yanachafua kila kitu.

Nondo mnene usimbane, hafi haraka na unamkwangua vigamba vya mgongoni. Huyo ni wa chupa au friza. Chupa iwe ya kioo yenye mdomo mpana, chini unamimina jasi, ikikauka unailowesha kwa ethili asetati kidogo, juu unaweka karatasi za tishu zilizokunjwakunjwa ili mdudu asigaragare. Plastiki ngumu ile ya uwazi usitumie, nyingine zinayeyuka kwa hiyo dawa. Dawa yenyewe inashika moto haraka na mvuke wake sio wa kuvuta, fungulia chupa nje. Ya friza ni rahisi zaidi: mfunike kwenye kopo dogo, mwache mpaka kesho, nondo wakubwa siku mbili. Sayanaidi walitumia watu wa zamani, achana nayo kabisa.

Hatua ya 3: bahasha

Kama hutandazi siku hiyo hiyo, mweke kwenye bahasha ya pembetatu unayokunja mwenyewe kwa karatasi laini ya mstatili, mabawa yakiwa yamefumbwa na vipapasio vimelala kwa nyuma. Andika kwa penseli mahali, tarehe na jina lako KABLA ya kumweka ndani, maana ukiandika juu yake ncha ya penseli inamchora mabawani. Bahasha zenyewe zipate hewa. Ukizifungia kwenye mfuko wa nailoni zikiwa na wadudu wabichi, wanaoza.

Humo kwenye bahasha akishakauka anakaa hata miaka mingi, na hilo ndo linafanya hatua inayofuata iwe muhimu.

Hatua ya 4: kumlainisha

Kipepeo mkavu ukimfungua mabawa kwa nguvu yanakatika pale shinani, hakuna ujanja. Lazima urudishe unyevu. Chukua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, chini tandika tishu au mchanga uliolowa maji ya moto, tone moja mbili za dawa ya kuua vijidudu ili ukungu usiote, halafu juu yake weka kijukwaa chochote ambacho hakifyonzi maji, mdudu alale hapo. Asiguse maji. Ndani ya mfuniko bandika tishu kavu, la sivyo matone yanamdondokea na kuacha madoa.

Vidogo siku moja inatosha, vikubwa mbili hadi tatu. Usihesabu siku tu, mpime: kwa kibano chenye ncha butu sukuma taratibu shina la bawa la mbele, karibu kabisa na mwili. Likienda bila kubisha, yuko tayari. Likienda nusu halafu linarudi kama lina springi, mrudishe ndani. Hapa ndo watu wanakosa subira, anaona bawa limeanza kucheza basi anaanza kutandaza, na kesho yake akitoa pini bawa linajirudia lilipokuwa.

Mdudu uliyemuua leo naye anakakamaa kwa muda halafu analegea tena, kwa hiyo akigoma jioni usishindane naye, mwache kwenye hilo kontena mpaka kesho.

Tahadhari moja. Wale nondo wadogo wa kijani wa kundi la Geometrinae hawapendi kabisa unyevu, ukiwalainisha kijani kinafifia na kuwa rangi ya majani makavu. Hao watandaze wakiwa wabichi siku hiyo hiyo, wasipite kwenye bahasha.

Hatua ya 5: pini

Tumia pini za wadudu, zina urefu wa karibu milimita 38 na zinapangwa kwa namba kufuata unene, namba 2 na 3 zinafaa vipepeo wengi. Pini za mafundi cherehani ni fupi, nene, na zikipata unyevu zinashika kutu. Za shaba nazo zinaota uchafu wa kijani pale zinapokutana na mafuta ya mwili wa mdudu, ule uchafu unavimba mpaka unapasua kidari. Chuma kisichoshika kutu ndo jibu.

Pini ipite katikati ya kidari, iwe wima ukitazama toka mbele na toka ubavuni, juu ya mgongo ibaki kama sentimita moja ya kushikia. Ikiinama hapa, kila kitu huko mbele kitakaa upande.

Hatua ya 6: kutandaza

Ubao wa kutandazia una mfereji katikati, mwili unaingia mfereji, mabawa yanalala juu ya ubao pande mbili. Unaweza kutengeneza kwa foamu ngumu, chonga mfereji mpana kidogo tu kuliko tumbo la nondo mnene, tumbo lienee bila kubanwa. Zamisha pini mpaka mashina ya mabawa yawe usawa mmoja na uso wa ubao. Hapo usiwe na haraka, inama utazame kwa ubavu jicho likiwa usawa wa ubao. Mwili ukikaa juu sana mabawa yananing'inia, ukizama sana yanapinda kwenda juu.

Sasa kata vipande viwili virefu vya tresing pepa. Shikiza kila kimoja kwa pini upande wa mbele wa ubao, juu ya mabawa, ili viyalaze kabla hujaanza kuyasogeza. Anza na bawa la mbele la kushoto. Ingiza ncha ya pini nyembamba nyuma tu ya mshipa mnene ulio karibu na ukingo wa mbele, pini isipenye bawa, iegemee ule mshipa, halafu vuta bawa kuelekea kichwani kidogo kidogo. Mkono wa pili unalegeza na kukaza karatasi. Simama pale ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unapofanya pembe mraba na mwili. Bana karatasi kwa pini pembeni ya bawa. Kisha bawa la nyuma, livute mpaka ukingo wake wa juu uingie chini ya bawa la mbele na uwazi kati yao ubaki mdogo tu. Ukishamaliza upande huo fanya wa pili, na hapo ndo utajua kama pini yako ya kidari ilikuwa wima, kwa sababu kingo mbili za nyuma za mabawa ya mbele zinatakiwa zifanye mstari mmoja ulionyooka toka kushoto mpaka kulia.

Pini za kubania zinapita kwenye karatasi, kando ya bawa, kamwe sio ndani ya bawa. Na usiburute karatasi juu ya mabawa, inyanyue. Ile vumbi inayobaki vidoleni ni vigamba, na vikitoka havioti tena.

Mwisho vipapasio, vipange kama V pana kwa pini mbili tatu, na tumbo likining'inia liwekee pini mbili zilizopishana kwa chini.

Hatua ya 7: kukauka

Wiki moja hadi mbili, nondo wanene tatu. Kivulini na penye hewa, sio juani. Gusa tumbo kidogo kwa ncha ya pini: likicheza peke yake bado mbichi, mwili wote ukitikisika pamoja amekauka. Na sisimizi jamani, usiku mmoja wanakuachia mabawa manne bila mwili, weka ubao juu ya miguu iliyosimama kwenye vikombe vya maji.

Hatua ya 8: lebo

Mdudu asiye na lebo ni pambo, mtu wa sayansi hana la kufanya naye hata awe mzuri vipi. Lebo ni ndogo, inapita kwenye pini hiyo hiyo chini ya mwili: nchi, mkoa, kijiji au alama ya karibu, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, jina la aliyekamata, na alipatikanaje, kwa taa, kwa matunda, au kafugwa toka kiwavi. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi, 4.vii.2024, maana 4/7 wengine wanasoma Julai na wengine Aprili. Andika kwa penseli au wino wa kudumu kwenye karatasi isiyo na asidi, kalamu ya kawaida inafifia. Jina la kisayansi linakuwa lebo ya pili, hata baada ya miaka. Mahali na tarehe havisubiri.

Hatua ya 9: boksi na maadui

Boksi lifunge kweli kweli. Adui mkubwa ni lava (funza) wa mbawakawa wadogo wa jenasi Anthrenus, wana manyoya manyoya, na dalili yao ni unga wa kahawia chini ya mdudu. Ukiuona, funga boksi na wadudu wako wote humo ndani ya mfuko wa plastiki, weka friza ya nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na ukitoa usifungue mfuko mpaka urudi joto la chumba, la sivyo mvuke wa hewa unageuka matone juu ya mabawa. Naftalini inafukuza lakini haiwaui walio ndani tayari, na usiichanganye na vile vidonge vya paradiklorobenzini, vikikutana vinayeyuka na kuwa majimaji.

Mwanga nao unakula rangi. Bluu ya vipepeo wa Morpho inavumilia kwa sababu inatokana na umbo la vigamba jinsi linavyorudisha mwanga, ila kahawia, njano na nyekundu nyingi ni rangi za kawaida na zinapauka, kwa hiyo ukitundika ukutani chagua ukuta usiopigwa na jua.

Kuna nondo ambao baada ya miezi wanaonekana wamelowa mafuta, mwili umekuwa mweusi na weusi unatambaa kwenye mabawa. Toa lebo, mzamishe na pini yake kwenye asetoni safi usiku mzima ndani ya chupa ya kioo iliyofunikwa, mbali na moto, akitoka mpulizie hewa taratibu wakati anakauka ili manyoya yasimame. Asetoni ikiwa ya njano bado kuna mafuta, mwaga umrudishe kwenye mpya.