Flashi za wateja: waja leo, waondoka leo

Steshenari ninayoihudumia iko Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kutwa wanaingia wanafunzi wa kuchapisha kazi na waombaji wa ajira na barua zao, kila mtu na flashi yake. Virusi tumevizoea. Kinachonikosesha usingizi ni kifaa chenye umbo la flashi ambacho, kikichomekwa, hujitambulisha kuwa kibodi na kuanza kuandika amri chenyewe. Kibodi kompyuta huiamini bila kuuliza. Kwa hiyo mashine ya kaunta nimeiwekea Fedora, aina ya Linux, na mlangoni nimemweka USBGuard, programu inayozuia kila kifaa cha USB kisichoruhusiwa.

Hatua ya 1: sakinisha, usiwashe

`sudo dnf install usbguard`

Chomeka vifaa vyote vya duka: kibodi, kipanya, printa, skana. Ndipo uviorodheshe:

`sudo sh -c 'usbguard generate-policy > /etc/usbguard/rules.conf'`

`sudo chmod 600 /etc/usbguard/rules.conf`

Mara ya kwanza hatua hii niliiruka. Kuwasha tu, kibodi kimya, kipanya kimya, na foleni ya wateja imefika barazani. Kilichoniokoa ni kibodi ya kizamani ya PS/2, ile ya plagi ya mviringo, niliyoazima kwa fundi jirani. Hiyo haipiti USB, basi mlinzi hana habari nayo.

Hatua ya 2: sasa washa

`sudo systemctl enable --now usbguard`

Hatua ya 3: flashi ya mteja

Mteja akichomeka, hakionekani kitu. Tazama waliozuiwa:

`sudo usbguard list-devices --blocked`

Utaona mstari unaoanza na namba, tuseme 14. Usiangalie jina, maana jina kifaa hujipa chenyewe. Nenda karibu na mwisho, palipoandikwa `with-interface`. Tarakimu 08 ni hifadhi ya data. Flashi ya kawaida huonyesha 08:06:50. Tarakimu 03 ni kibodi, kipanya na jamaa zao. Ukiikuta 03 kwenye kinachoitwa flashi, mrudishie mwenyewe kwa adabu, umwambie haifunguki. Ikiwa salama:

`sudo usbguard allow-device 14`

Usiongeze `-p`. Hiyo huandika ruhusa ya kudumu. Bila hiyo, flashi ikichomolewa na ruhusa imekwisha. Kesho akirudi anabisha hodi upya. Si Tanga hii, waja leo waondoka leo?

Hatua ya 4: mhudumu bila sudo

Dada wa kaunta, mwenye akaunti `mhudumu`, hahitaji nywila ya sudo (haki za msimamizi) ili kuruhusu flashi:

`sudo usbguard add-user mhudumu --devices=modify,list`

`sudo systemctl restart usbguard`

Fanya hivi asubuhi kabla ya wateja, kwani kuanzisha upya hufuta ruhusa za muda.

Hatua ya 5: mizani

Wenye mizani ya kidijitali, kama wanunuzi wa iliki kule Muheza, hukwama pengine: USBGuard imeruhusu, programu bado inakataliwa. Angalia:

`ls -l /dev/ttyUSB0`

`ttyUSB0` ndiyo mizani yenyewe, nayo ni ya kundi la watumiaji la `dialout`. Mwingize mpimaji peke yake:

`sudo usermod -aG dialout mpimaji`

Ukisahau `-a`, unamtoa kwenye makundi mengine yote aliyoongezwa. Wapo mafundi wanaopiga `chmod 666` wakaondoka. Kila mtu anafunguliwa mlango, na waya ukichomolewa na kurudishwa, tatizo liko palepale. Mpimaji atoke kwenye akaunti yake, aingie tena, kisha aandike `id` ahakikishe `dialout` imo.