Kupanga umeme wa roboti yenye bodi nyingi

Kabla hujashuka Kariakoo kununua regulata, yaani kifaa cha kushusha volti za betri na kuziweka thabiti, andika kila bodi (kibao cha saketi) inahitaji volti ngapi na ampea ngapi. Kwa mota ndogo, usiandike mkondo inaokula ikizunguka bila mzigo: zuia gurudumu kwa mkono, soma multimita kwa sekunde moja tu, kisha achia. Mkondo huo wa kukwama, ambao huwa mara kadhaa ya ule wa kawaida, ndio unaovuta volti chini na kuifanya kompyuta ya roboti ijiwashe upya katikati ya kazi.

Tuchukue betri ya lithiamu ya seli 3, ambayo ikijaa hutoa volti 12.6. Wengi hukimbilia 7805, chipu ya regulata inayotoa volti 5, kwa kuwa ni rahisi na ina miguu mitatu tu. Hata hivyo, ikishusha volti 12 hadi 5 kwa mkondo wa nusu ampea, volti 7 zilizobaki hugeuka wati 3.5 za joto tupu. Bila bati la kupozea, chipu hiyo hupanda takriban nyuzi 65 kwa kila wati, na joto la Dar es Salaam la mwezi Februari haliipunguzii chochote; itajizima kabla hujamaliza jaribio la kwanza.

Kwa volti 5 tumia regulata ya swichi, inayowasha na kuzima umeme kwa kasi badala ya kugeuza volti za ziada kuwa joto, kama LM2596, ambayo hutajwa kubeba ampea 3, ingawa mimi siivushi 2. Weka moja kwa kompyuta na nyingine kwa servo (mota zinazogeuka hadi pembe unayoitaka), zisichangie regulata moja. Module hizi huuzwa zikiwa na skrubu ndogo ya shaba, na mara nyingi hutoka dukani ikiwa imezungushwa hadi volti za kutokea zinakaribia za kuingia. Kwa hiyo izungushe polepole huku ukisoma multimita, na usiunganishe bodi yoyote kabla ya kuona 5.0. Sensa za volti 3.3 hula kidogo, nazo zinatosheka na regulata ya kawaida, isiyo ya swichi, inayochukua kutoka kwenye 5.

Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri. Nyaya hasi za bodi zote zikutane mahali pamoja, kila moja kwa njia yake, ili mkondo wa mota usipite kwenye waya wa sensa. Karibu na servo lehemu kapasita, kihifadhi cha chaji ya muda mfupi, ya maikrofaradi 1000.

Mwisho, washa mota zote kwa pamoja. Multimita haitauona mshuko wa sehemu chache za elfu za sekunde, lakini kompyuta ya roboti ikiwa ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, huonyesha alama ya radi kwenye skrini volti zikipungua chini ya takriban 4.63. Alama hiyo ikitokea, anza kwa kubadilisha waya mwembamba.