Kuhamia Windows 11 bila kufomati: kompyuta ya shangazi na kile kiboksi cha kijani

Shangazi yangu anakaa Buswelu. Sebuleni kwake kuna kompyuta ya mezani, HP EliteDesk 800 G4 iliyokuja mtumba, na hiyo ndiyo anayochapia mitihani ya shule za jirani, barua za kikundi cha akina mama na kadi za harusi. Mwezi uliopita alinipigia simu. Shikamoo shangazi, marahaba baba, na kabla sijamuuliza habari za nyumbani akanirukia: "Fundi kaniambia kompyuta yangu haiwezi Windows 11, ninunue nyingine. Ni kweli?"

Haikuwa kweli. Mashine yake ina prosesa i5-8500, RAM ya GB 8 na kila kitu Windows 11 inachotaka. Kilichoikwamisha ni jinsi fundi wa mwanzo alivyopiga Windows 10, kwa ile njia ya zamani kabisa ya kuwasha mashine, "Legacy", na diski ikagawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski. Tangu hapo nimekutana na kompyuta nyingine mbili za aina hiyo hapa Mwanza, zote zimeshahukumiwa kifo. Kwa hiyo naandika hatua nilizopitia, hasa ile ya nne, iliyonikesha.

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika siku hiyo na wala haitazimika. Ila kila tundu jipya linalogunduliwa linabaki wazi, na mtu anayepokea flashi za wateja kutwa nzima hana sababu ya kukaa hivyo.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Ingia Settings, kisha System, kisha About. Soma jina la prosesa. Kwa Intel, tazama tarakimu zinazofuata ule mstari mdogo: i5-8500 ni kizazi cha nane, i5-7200U ni cha saba, i5-10210U ni cha kumi. Windows 11 inaanzia kizazi cha nane. Ndiyo maana laptopu ya HP EliteBook 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane inapita, na ndugu yake 840 G3, ambayo imejaa madukani kwetu, haipiti. Kwa AMD usikisie kwa jina, majina yao yanachanganya. Tafuta orodha ya Microsoft yenyewe.

Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc (TPM ni kichipu cha usalama ambacho Windows 11 inakidai), utafute maneno "Specification Version: 2.0". Rudia tena, safari hii andika msinfo32, uangalie mstari wa "BIOS Mode" (BIOS ni ile programu ndogo inayoamsha mashine kabla ya Windows). Ukikuta UEFI, njia mpya ya kuwasha, una bahati, fanya hatua ya 2 na ya 3 kisha ruka hadi ya 6. Ukikuta Legacy, karibu kwenye kundi la shangazi.

Mashine isiyokidhi vigezo kabisa ina njia za kuvushwa kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya kupigia Windows, na wenzake. Kwenye yangu nimewahi kufanya. Kwenye ya mtu mwingine sifanyi, kwa sababu Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na siku ikigoma simu inapigwa kwangu. Mwenye 840 G3 namshauri ajiandikishe kwenye mpango wa masasisho ya nyongeza ya Windows 10, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, huku akijipanga.

Hatua ya 2: Nakili kazi zako nje

Tumia diski kubwa ya nje (external), si flashi. Zile flashi za bei poa za mtaani, zilizoandikwa GB 64, ukizijaza unakuta nusu ya faili hazifunguki kwa sababu ndani kuna GB 8 tu. Nakili, kisha fungua faili tano sita kutoka huko huko nje uone kama zinafunguka kweli. Usisahau vilivyoko "Desktop" na "Downloads", maana watu wengi ndiko wanakoishi.

Hatua ya 3: Umeme na bando

Laptopu iwe imechajiwa na iwe kwenye chaja. Kompyuta ya mezani lazima ikae kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba, na UPS hiyo uijaribu kwanza: chomoa waya ukutani, uone kama mashine inabaki hai walau dakika kumi. Na msimu wa mvua, ukiona wingu jeusi limesimama upande wa ziwa, ahirisha. Radi za huku tunazijua.

Bando: pakua faili la ISO la Windows 11, yaani faili moja kubwa lenye Windows nzima, kutoka tovuti ya Microsoft usiku, kwa bando la usiku, kwenye mashine yoyote. Linakula kati ya GB 5 na 7. Kuna programu yao ndogo ya Installation Assistant inayofanya yote yenyewe, na kwa mwenye intaneti ya waya ni nzuri. Mimi siipendi. Bando likikata katikati huna unachomiliki, wakati ISO ukishaipata unaitumia kwa shangazi, kwa jirani na kwa mwalimu wa kule Nansio bila kupakua tena.

Wakati wa kuchagua lugha, angalia Windows uliyonayo ni ya "English (United States)" au "English International", uchukue ile ile. Ukikosea hapo, huko mbele kisanduku cha kubaki na programu zako kitakuwa cha kijivu, hakibonyezeki, na bando limeshaenda.

Hatua ya 4: Kugeuza diski kutoka MBR kwenda GPT

Windows 11 inataka UEFI, na UEFI inataka diski iwe ya GPT, mtindo mpya wa kugawa diski. Hapa ndipo nilipoanza saa mbili usiku nikidhani nitaondoka saa tatu.

Windows 10 yenyewe inakuja na chombo kinaitwa mbr2gpt. Kinageuza diski bila kufuta Windows wala faili za patisheni (kipande cha diski) ya C. Mafundi wengi hawakitumii. Wanafomati, wanachukua hela ya kupiga Windows upya, basi. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator". Anza kwa kupima tu:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Hakikisha kwanza kwenye Disk Management, programu ya Windows ya kuona na kugawa diski, kwamba diski yenye Windows ndiyo "Disk 0". Na kama C imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, isimamishe kwa muda na uandike pembeni ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, baada ya kubadili BIOS unaweza kufungiwa nje ya kompyuta yako mwenyewe.

Kwa shangazi jibu lilikuwa fupi: "Disk layout validation failed for disk 0". Basi. Hakuna kinachosema kwa nini.

Sababu ni hii. Chombo hiki kinakubali diski yenye patisheni kuu zisizozidi tatu, na hakitaki kabisa patisheni za ndani ya patisheni, zile zinazoitwa "Logical". Sasa fikiria mafundi wetu wanavyopenda kugawa diski: C ya Windows, D ya kazi, E ya picha na muvi. Ukijumlisha ile ndogo ya "System Reserved" na ile ya "Recovery", tayari zimekuwa tano. MBR haiwezi kubeba zaidi ya nne kuu, kwa hiyo D na E zinasukumwa ndani ya ghala moja liitwalo "Extended". Kwenye Disk Management utaliona: mstari wa kijani uliozungushiwa D na E.

Nikahamishia vilivyomo D na E kwenye ile diski ya nje, GB 140 na ushee, tukanywa chai mbili. Nikabofya D kwa kitufe cha kulia, "Delete Volume". E, "Delete Volume". Nikapima tena.

Ikagoma vile vile.

Nikaendesha chkdsk, ile ya kukagua makosa ya diski. Nikazima nikawasha. Nikafungua faili la kumbukumbu la setupact.log lililopo C:\Windows, nikasoma mistari mpaka macho yakauma. Nikaanza kuilaumu ile patisheni ya "Recovery", nikakaribia kuifuta, na nashukuru sikuifuta. Saa sita ikapita. Shangazi akaenda kulala, akaniachia chapati mbili chini ya sahani.

Aliyeniokoa ni binamu yangu wa darasa la sita, ambaye kwa kweli alitakiwa awe amelala. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaweka kidole kwenye kioo: "Kaka, mbona hiki kiboksi kimezungushiwa kijani?"

Nikatazama. Pale zilipokuwa D na E palikuwa peupe, pameandikwa "Free space", na ule mstari wa kijani bado upo. Mimi nilikuwa nimesoma "Free space" nikaelewa eneo tupu, basi nikaridhika. Lakini kwenye Disk Management, "Free space" ni utupu uliomo ndani ya ghala. Vilivyokuwemo nilivitoa, ghala lenyewe bado limesimama, na mbr2gpt inaligomea hata likiwa tupu. Eneo ambalo halina mwenyewe kabisa huandikwa "Unallocated", na utepe wake wa juu ni mweusi.

Kwa hiyo ni kufuta mara mbili. Futa D na E, kisha bofya tena kwa kitufe cha kulia juu ya hicho kiboksi cha kijani chenyewe, chagua "Delete Partition". Kijani kikatoweka, kikaja cheusi. Nikapima:

"Validation completed successfully."

Saa nane kasoro usiku. Tahadhari zilizobaki, kabla hujafurahi sana:

Usiguse "System Reserved". Inaonekana ndogo na haina kazi, kumbe ndiyo inayowasha mashine.

Kama huna ghala la kijani ila una patisheni kuu nne, inabidi moja iondoke. Iwe ya data, tena iliyokwisha kunakiliwa nje, si nyingine.

Usitumie zile programu za kugawa diski zinazotangazwa kuwa za bure. Nyingine zinakuonyesha kazi yote kwenye kioo, ukifika kwenye kubonyeza mwisho zinadai ulipie. Disk Management inatosha.

Ukishapita kipimo, geuza:

mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS

Inachukua dakika moja hivi. Mwishoni unaweza kukuta inalalamika kuhusu ReAgent.xml, faili la mipangilio ya "Recovery". Si msiba. Andika reagentc /disable, kisha reagentc /enable, imekwisha. Pia itakuambia kwamba mashine haitawaka vizuri mpaka ubadili BIOS iende UEFI. Hilo lichukulie kwa uzito wote.

Hatua ya 5: BIOS

Zima, washa, na kwa HP gonga F10 mfululizo. Dell ni F2. Kwenye HP ya shangazi: Advanced, Secure Boot Configuration, kisha chagua "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable". Hifadhi utoke.

Sasa angalia kioo, usiende kunywa maji. HP itakuletea ujumbe wa kuuliza kama kweli ni wewe uliyebadili, pamoja na namba ya tarakimu nne. Unaiandika, unabonyeza Enter. Mimi mara ya kwanza nilikuwa nimeinama nikitafuta chapati. Ujumbe ukapita, mabadiliko hayakushika, mashine ikabaki Legacy ikitafuta diski ya MBR ambayo haipo tena. Kikatokea "Boot Device Not Found" na namba 3F0. Kwa sekunde kadhaa nilimwona shangazi asubuhi ananiuliza mitihani ya darasa la nne iko wapi. Nikarudi F10, nikabadili tena, safari hii nikaandika zile tarakimu kwa namba za mstari wa juu wa kibodi. Windows 10 ikawaka kama hakuna kilichotokea.

Ikiwaka, rudi msinfo32: "BIOS Mode" isome UEFI na "Secure Boot State" isome On. Kisha tengeneza D mpya kwenye lile eneo jeusi.

Hatua ya 6: Kupandisha

Bofya faili la ISO mara mbili, litafunguka kama diski. Endesha setup. Kwenye ukurasa wa kwanza bofya "Change how Setup downloads updates", uchague "Not right now", la sivyo itakula bando lako kabla hata ya kuanza. Chagua "Keep personal files and apps". Kubali, iache. Itajizima na kujiwasha mara kadhaa, na kwenye mashine yenye SSD nimeona inamaliza ndani ya saa moja. Hailipiwi: Windows 10 iliyosajiliwa kihalali inakuwa 11 iliyosajiliwa, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ile iliyokrakiwa ni mzigo wako.

Hatua ya 7: Baada ya hapo

Jaribu printa kwanza, siku hiyo hiyo. Ya shangazi ilihitaji kuondolewa na kuwekwa upya. Una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Kwa hiyo folda ya Windows.old usiifute kabla ya hapo hata kama C inalia njaa.

Nililala kwenye kochi. Asubuhi shangazi akawasha mashine, akachapa ukurasa mmoja, akautazama, akaridhika. Halafu akaniita na sauti ile ya kunituma dukani: "Baba, hiki kidude cha Start umekipeleka katikati cha nini? Kirudishe." Bofya kwa kitufe cha kulia kwenye upau wa chini, Taskbar settings, Taskbar behaviors, Taskbar alignment, Left.