Kumtega panya buku kwenye kivuko cha kijito

Buku (wa shambani, si elfu moja ya mfukoni) anayemaliza mihogo na matembele kwenye bustani za bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, mara nyingi halali bustanini. Shimo lake liko ng'ambo, chini ya mizizi ya mgomba, kwenye kichuguu au kwenye kifusi kilichomwagwa kando ya maji. Usiku anavuka, anajaza mashavu, anarudi kuweka akiba. Kuogelea anajua, ila akipata pa kukanyaga hajilowanishi bure. Mtego mmoja kwenye gogo alilolizoea unashinda mitano iliyotawanywa katikati ya matuta. Wategaji wa mbweha huko Ulaya na Marekani nao hutumia hesabu hiyohiyo: mnyama asiyependa kulowa atapita palepale kesho.

Kivuko si lazima kiwe gogo. Kwa Dar es Salaam angalia zaidi mabomba ya maji yanayopita juu ya mtaro, midomo ya kalvati, mawe yaliyopangwa na watu wa kufulia, na mahali kijito kinapobanwa na viroba vya mchanga. Bomba analopitia buku lina utando mweusi wa mafuta ya manyoya upande wa juu. Kwenye gema utaona kijia chembamba, upana wa kiganja, majani yamelala na udongo umesuguliwa. Kwenye tope, mguu wa mbele unaacha vidole vinne na wa nyuma vitano. Kama huna hakika, jioni nyunyiza majivu yaliyochekechwa kila mwisho wa kivuko, eneo la sahani moja, uje kuyaangalia kabla jua halijapanda. Fanya hivyo usiku mitatu. Kivuko chenye alama usiku mmoja tu kiache. Chenye alama zote tatu ndicho chako.

Sasa tundu la kumtegea. La panya wa kawaida ni dogo mno kwa buku. Huyu anafika kilo moja na zaidi, na mkia wake unakaribia urefu wa mwili, hivyo mlango ukishuka juu ya mkia unabaki wazi na yeye anarudi kinyumenyume. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee la urefu wa sentimita 75, upana 25 na kimo 25, fremu ya nondo ya milimita 6, na wavu uliochomelewa wa matundu ya nusu inchi. Waya wa kuku usiukubali hata kwa bei ya kutupa. Anaupinda kwa meno kabla hakujakucha. Mlango uwe bati nene la kushuka kwenye reli mbili, uachie nafasi ya sentimita moja na nusu chini ili usikate mkia, na uwe na komeo linaloanguka lenyewe. Bila komeo ataunyanyua kwa pua.

Kanyagio, kile kibao kinachofyatua mlango, likae theluthi ya mwisho ya tundu, na chambo nyuma yake. Ugumu wake upime kwa pakiti ya chumvi ya robo kilo: ukiiweka taratibu mlango ushuke, ukiweka pakiti ya majani ya chai ya gramu 50 usishuke. Kipimo hiki kinawaacha vyura wapite, na kwenye vijito vya mji huu vyura ndio wafyatuaji wakubwa wa mitego mitupu.

Weka tundu nchi kavu, hatua moja kutoka mwisho wa kivuko upande wa bustani, mdomo ukitazama kijia. Lisikae juu ya gogo lenyewe, maana litatikisika na mnyama atageuka. Chimba kidogo ili sakafu ya waya ilingane na ardhi, kisha tandaza udongo wa palepale mpaka waya usionekane. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayowagharimu: buku haoni vizuri, anakwenda kwa pua na miguu, akikanyaga waya mtupu anasita. Funika juu na pembeni kwa majani ya mgomba au kiroba, uache mdomo tu. Kila upande wa mdomo pachika matawi au makuti kama mita moja, yakifungua kwa nje kama faneli. Mwisho funga tundu kwa waya kwenye kigingi kilichopigwa chini sawasawa, kwani mbwa wa mtaani hulivuta.

Chambo kizuri ni muhogo wa kuchoma au ndizi mbivu iliyopondwa na karanga, kiasi cha yai. Dagaa na utumbo wa samaki viache. Vinaita paka wa majirani, fungo na kanu. Machicha ya nazi yanavutia ila kwa joto letu yanachacha siku hiyohiyo na kuleta sisimizi. Kifunge chambo kwa waya mwembamba kwenye dari ya tundu, katikati. Kikigusa ukuta wa pembeni atakivuta akiwa nje, na asubuhi utakuta tundu liko wazi, safi kama limefagiliwa.

Usiku mitatu ya kwanza funga mlango ukiwa juu usishuke, umlishe tu. Usiku wa nne achia. Tega magharibi, kagua alfajiri, na mchana mlango ufungwe: nguchiro hutembea mchana, na kuku wa jirani pia.

Kwa nini si tanzi la waya? Tanzi halichagui shingo. Fungo, kanu na nguchiro wanatumia vivuko hivyohivyo, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuwawinda kwa tanzi. Ukimkuta mmoja wao ndani ya tundu, mfunike kwa gunia atulie, simama nyuma, vuta mlango kwa kamba ya mita mbili. Usimguse, kichaa cha mbwa si cha mbwa peke yao. Akiwa kicheche, anayerusha uvundo akiudhiwa, ongeza kamba, utanishukuru nguo zako zikinusurika.

Buku mwenyewe ukimpata, vaa gambuti na glovu za ngozi. Mkojo wa panya ndani ya maji na tope hubeba homa ya mgunda, ile iliyoua watu Ruangwa, Lindi, mwaka 2022, nayo hupita kwenye mchubuko mdogo tu wa mguu. Msukumie kwenye gunia zito, mbane kwenye kona, pigo moja la nguvu kisogoni. Kumzamisha na tundu majini ni kumtesa tu. Mzike kina cha nusu mita mbali na mto, kisha nawa kwa sabuni. Tundu limwagie maji ya moto na ulianike juani, usilisugue kwa dawa yenye harufu kali. Pua hizi ndizo shirika la APOPO linazozifundisha pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Klorini haiwezi kumpita.

Mlango ukishuka polepole, kuna mchanga kwenye reli: piga brashi, usitie grisi, inashika mchanga zaidi. Chambo kimeliwa na mlango uko juu, udongo umejaa chini ya kanyagio. Ukimpata mmoja kisha usiku mitatu kimya, nyunyiza tena majivu kwenye vivuko vya jirani kabla ya kuhama.

Na uangalie maji. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Pugu, Msimbazi unaweza kupanda huku chini bila tone kuanguka mtaa wa Jangwani, na mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Masika, wingu likiwa zito upande huo, usitege. Karibu na mdomo wa mto hata kiangazi kuna bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida: tundu lililokuwa kavu wakati wa maji mafu, inapojaa kidogo, linaweza kuingia maji, au kujaa kaa waliokula chambo chote. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo lipandishe juu ya mstari wa takataka zilizoachwa na maji kwenye gema.