Kompyuta mpakato yenye Linux inamaliza chaji ikiwa imefunikwa: mchawi ni nani?

Umeifunika saa nne usiku ikiwa na asilimia 80, asubuhi haiwaki. Au unaitoa kwenye begi ina joto kama pasi. Kabla hujaenda kununua betri mpya, pima.

1. Pima inakula kiasi gani ikilala

Chomoa chaja, kisha andika kwenye terminal:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/energy_now`

Andika namba hiyo, ilaze kwa `systemctl suspend`, iache saa nzima, iamshe, soma tena. Namba ni mikrowati-saa. Ikitoka 42000000 ikafika 41500000, imekula nusu wati: hiyo imelala, na betri itavuka siku tatu. Ikishuka hadi 38000000 ni wati 4. Hiyo haijalala, imefumba macho tu. (Kwako inaweza kuwa BAT1.)

2. Ujue ni usingizi gani

`cat /sys/power/mem_sleep`

Jibu huwa kama `[s2idle] deep`. Lenye mabano ndilo linalotumika. Katika s2idle (usingizi mwepesi) keneli, yaani kiini cha Linux, husimamisha programu na kuviomba vifaa vyote vipumzike, kikigoma kimoja tu, prosesa haizami. Deep (usingizi mzito) huzima karibu kila kitu isipokuwa RAM. Jaribu:

`echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep`

Ilaze na kuiamsha mara tano, sita. Usiruke jaribio hili, maana zipo mashine zinazodai zina deep halafu zinaamka na skrini nyeusi. Ikikwama, izime kwa kubonyeza kitufe muda mrefu; ikiwaka upya badiliko limeshafutika. Ikikubali, fungua `/etc/default/grub`, ongeza `mem_sleep_default=deep` ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, kisha `sudo update-grub` (Debian, Ubuntu, Mint).

Ukiona `[s2idle]` peke yake, angalia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka). Baadhi ya ThinkPad zina kipengele cha Sleep State. Chagua lenye neno Linux.

3. Nani anaiamsha?

`journalctl -b -k | grep "PM: suspend"`

Ukikuta `suspend entry` na sekunde chache baadaye `suspend exit`, wakati hujaigusa, kuna kifaa kinaigutusha. Mara nyingi ni USB: kipanya kimetikisika begini.

`grep enabled /proc/acpi/wakeup`
`echo XHC | sudo tee /proc/acpi/wakeup`

Amri ya kwanza inaorodhesha vifaa vinavyoruhusiwa kuiamsha. Ya pili ni swichi ya kuwasha na kuzima ruhusa ya XHC, yaani kidhibiti cha USB. Ukiirudia, umeiwasha tena, na hapa ndipo wengi hulalamika kwamba "haifanyi kazi".

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nikiwasha upya XHC inarudi enabled.

Jibu: Ndiyo, haihifadhiwi. Kwenye mstari wa XHC soma anwani ya mwisho, mfano `pci:0000:00:14.0`. Tengeneza faili `/etc/tmpfiles.d/usb.conf` lenye mstari huu:

`w /sys/bus/pci/devices/0000:00:14.0/power/wakeup - - - - disabled`

Hii haina ugeugeu wa ile swichi.

Swali: Nikifunika ikiwa imeunganishwa na skrini ya nje hailali kabisa.

Jibu: Si ugonjwa huo. Systemd (inayosimamia huduma za mfumo) ikiona skrini zaidi ya moja huhesabu kwamba uko mezani, na HandleLidSwitchDocked huwa `ignore`. Ukitaka ilale, weka `HandleLidSwitchDocked=suspend` kwenye `/etc/systemd/logind.conf`. Ikigoma hata bila skrini ya nje, `systemd-inhibit --list` itakuonyesha programu inayoizuia.

Swali: Nina NVIDIA, ikiamka picha zimevurugika.

Jibu: Ukitumia drayva ya NVIDIA yenyewe, andika `options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1` katika `/etc/modprobe.d/nvidia-usingizi.conf`, kisha `sudo update-initramfs -u` na `sudo systemctl enable nvidia-suspend nvidia-resume`. Washa upya ndipo ujaribu.

Swali: TLP na power-profiles-daemon, niweke zote?

Jibu: Hapana mkuu, zote ni programu za kusimamia matumizi ya umeme, na zinagombana. Baki na moja.