Maji ya mtindi baada ya chakula cha mchana

Tumbo likijaa gesi baada ya wali na maharage, jaribu takra, kinywaji cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, ambacho Wagujarati hukiita chaas. Chukua mtindi usio na sukari, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, upige mpaka utoe povu, kisha uondoe siagi inayoelea juu. Kaanga binzari nyembamba bila mafuta mpaka inukie, itwange, utie nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Kinywewe mchana, maana Ayurveda husema moto wa tumbo, agni, huwa mkali jua likiwa utosini. Mtindi mzito usiku waganga wa Ayurveda wanaukataza kabisa. Maziwa yakikusumbua, chemsha hiyo binzari kwa maji, basi.

Kuhusu dawa za namna hii za ini, mimi ni mgumu kidogo kuziamini. Wauzaji wa vidonge vya "kusafisha ini" ni wengi, ila giloy, mmea maarufu wa Ayurveda, ulihusishwa na wagonjwa walioumia ini huko Mumbai wakati wa korona. Vidonge vikali vya kiungo cha manjano navyo vimeshawahi kuleta shida hiyo. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Macho yakigeuka njano, nenda hospitali ukapimwe.